Umekabidhiwa Wilaya Inayoburuza Mkia? Anzia Hapa

Wewe ni Afisa Elimu, umehamishiwa wilaya mpya. Kimkoa inaburuza mkia. Mkurugenzi anataka mpango mkakati mezani kwake Ijumaa, Mkuu wa Wilaya anataka kusikia sifuri imefutwa, na Maafisa Elimu Kata wanasubiri kikao cha kwanza wakupime ukali wako.

Kikao kitasubiri. Wiki ya kwanza kaa na karatasi.

Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), uchukue matokeo ya shule zako zote kwa miaka mitatu iliyopita. Usishughulike na wastani wa wilaya, unaficha mengi. Angalia shule moja moja, somo kwa somo. Mwombe Afisa Taaluma wako ayaweke kwenye Excel, mstari mmoja shule moja. Ukimaliza utaona mambo ambayo hakuna hotuba itakayokuambia. Shule hii Kiswahili kiko vizuri lakini Hisabati imelala. Ile ilikuwa juu, ikaporomoka mwaka aliohama mwalimu mmoja. Kata nzima inaangushwa na Kiingereza.

Halafu tafuta shule zinazofaulu kwenye mazingira magumu. Kila wilaya inazo: madarasa machache, wazazi wakulima, barabara mbovu, lakini kila mwaka ziko juu ya majirani zao. Kabla hujaalika mwezeshaji kutoka mkoani, nenda mojawapo ushinde kutwa nzima. Muulize mwalimu mkuu anafanya nini saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Mwezeshaji wako ndiye huyo, na gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Acha kabisa habari ya kupanga shule kwa nafasi. NECTA yenyewe, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, iliacha kutaja shule kumi bora. Nawe kila shule ishindanishe na matokeo yake ya mwaka uliopita. Zipo halmashauri zilizowahi kumkabidhi mkuu wa shule ya mwisho kinyago mbele ya wenzake. Usithubutu. Mtu uliyemwaibisha hatakuletea ukweli tena, atakuletea takwimu za kupika.

Piga hesabu ya alama

Walimu wengi wanaambiwa "pandisheni ufaulu" bila kuonyeshwa ni alama ngapi zinazokosekana. Waonyeshe.

Darasa la saba wana masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121. Sasa chukua mtoto aliyepata 103 kwenye mock. Amepungukiwa alama 18. Gawanya kwa masomo sita: alama tatu kila somo. Mwambie mwalimu wa Maarifa ya Jamii kwamba mtoto huyu anamdai alama tatu, na uone jinsi mazungumzo yanavyobadilika. Alama tatu ni kitu ambacho mwalimu anaweza kukipangia Jumatatu asubuhi.

Sekondari hesabu yake ni nyingine. Kidato cha nne wanahesabiwa masomo saba yaliyofanyika vizuri zaidi. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Pointi 34 au 35 ni sifuri. Mwanafunzi akipata D mbili tu anafika pointi 33, anaingia daraja la nne. D inaanzia alama 30. Kwa hiyo kampeni ya kufuta sifuri, kwa karatasi, haihitaji miujiza.

Lakini usiridhike hapo. D mbili zinapendezesha ripoti yako na kumwacha kijana nyumbani, kwa sababu vyuo vingi vya astashahada vinataka angalau D nne, na kidato cha tano kinataka C tatu. Kama kweli unamjali yule wa mwisho, lengo lake liwe D nne. Mkalishe na mwalimu wa taaluma, wachague pamoja masomo manne anayoyaweza, aandikiwe ratiba ya hayo manne. Masomo mengine aendelee kuhudhuria kama kawaida.

Tahadhari moja kubwa. Orodha ya watoto walio karibu na mstari ni nzuri, lakini isiwe orodha pekee. Ukiwafukuzia hao tu, wale wenye alama 40 kwa 300 wataachwa wakae nyuma ya darasa hadi Septemba, na mwakani utapokea wengine kama wao. Hao ndio wanaokuonyesha ugonjwa wa wilaya yako. Tutarudi kwao.

Tafuta swali linalowaangusha

Hapa ndipo ningekushauri utumie nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote.

Baada ya mtihani wowote wa kata au wa ujirani mwema, mwalimu asiishie kujumlisha alama na kubandika orodha ukutani. Achukue karatasi moja, aandike namba za maswali kushoto, na mbele ya kila swali aweke idadi ya waliokosa. Kwa darasa la watoto 80 ni kazi ya jioni moja. Kisha achague maswali matano yaliyokoswa na wengi, afungue karatasi za watoto, atazame wamekosa *vipi*.

Mfano. Swali linasema: 3/4 + 2/5. Nusu ya darasa wameandika 5/9. Hawakubahatisha. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kwa kujiamini kabisa, maana hawajui 3/4 ni kiasi gani. Mwalimu akirudi darasani na kusema "tafuteni KDS" (kigawe kidogo cha shirika), ataandika ubaoni 15/20 + 8/20, watanakili 23/20, na kesho watarudia 5/9. Mwambie aanze kwa kuuliza: 3/4 peke yake imeshapita nusu, 5/9 imepita nusu kidogo tu. Inawezekanaje tumeongeza kitu, jibu likapungua? Achore mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja aukate vipande vinne, mwingine vitano, watoto waone vipande havilingani. Baada ya hapo ndipo KDS inaleta maana. Kipindi kimoja cha namna hiyo kinazidi marudio ya wiki nzima.

Sasa kusanya karatasi hizo za uchambuzi kutoka shule zote za kata. Ukikuta swali la sehemu limekoswa shule saba kati ya nane, usiwalaumu watoto. Mada hiyo haieleweki kwa walimu wenyewe. Ipeleke kwenye Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA): Jumamosi moja, mada moja, mwalimu anayeifundisha vizuri asimame aifundishe wenzake kama darasa. Wasome mbinu yake, waulize maswali, waondoke na andalio la somo mkononi. Semina ya siku tatu yenye mada kumi haitakupa hata robo ya hiyo.

NECTA nayo hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zinaonyesha swali, majibu ya wanafunzi na sababu za kukosa. Shule nyingi hazijawahi kuzifungua. Chapa nakala moja ya kila somo kwa kila kata, kisha umwambie Afisa Elimu Kata azizungushe shuleni. Mwalimu asaini kwamba amepokea, na wiki ijayo akueleze kitu kimoja alichobadilisha darasani kwake.

Shuka chini hadi kwenye kusoma

Nilisema tutarudi kwa wale wenye alama 40. Wengi wao hawajui kusoma vizuri. Tathmini za taasisi ya Uwezo, zilizoanza kufanywa nyumba kwa nyumba mwaka 2010, zimeonyesha tena na tena kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto huyo hafundishiki Sayansi na Teknolojia. Kila mtihani kwake ni mtihani wa kusoma.

Fanya hivi. Tenga wiki moja. Kila mtoto wa darasa la tatu hadi la saba asome aya moja fupi kwa sauti, mbele ya mwalimu wa shule jirani. Nasisitiza wa shule jirani, ili asiwepo wa kumpendelea mtu. Mgawanyo uwe rahisi: hajui herufi, anasoma silabi, anasoma maneno, anasoma aya, anasoma na kuelewa.

Kisha, saa moja kila siku, watoto wapangwe kwa kiwango badala ya darasa. Wa silabi wakae pamoja, hata kama mmoja yuko darasa la tatu na mwingine la sita. Wakubwa wataona haya siku za mwanzo. Mpe mwalimu mpole kundi hilo, usimpe yule anayeinua fimbo haraka.

Njia inayofanana na hii imepimwa kwa majirani zetu. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, watafiti waligawa wanafunzi wa darasa la kwanza kwa kiwango katika sehemu ya shule 121 zilizokuwa na mwalimu wa ziada. Walionufaika ni wote, walio juu na walio chini, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha darasa linaloendana. Utafiti mwingine, uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya pia, ulionyesha kwamba kugawa vitabu vya kiada peke yake kuliwasaidia wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine hawakuweza kuvisoma. Kwa hiyo vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vigawe, visikae stoo, ila usidhani kazi imeisha.

Na mwalimu wako bora wa kufundisha kusoma mpeleke darasa la kwanza. Najua desturi: mahiri wote wanapelekwa la saba, na la kwanza anapewa mgeni au anayesubiri kustaafu. Geuza. Matunda utayaona baada ya miaka michache, pengine ukiwa umehamishwa. Fanya hivyo hivyo.

Sekondari, kazi inayofanana na hii ni Kiingereza cha kidato cha kwanza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anafunguliwa kitabu cha Biology. Wiki za mwanzo zilizotengwa kwa kozi ya Kiingereza zilinde kwa nguvu zako zote. Shule nyingi huzikata ili "kuwahi silabasi". Mwalimu wa kila somo aandike ukutani maneno 20 ya mada anayoianza, yafundishwe kabla ya mada yenyewe. Wakati wa kusahihisha, mwanafunzi aliyeelewa Fizikia akakosea sarufi asinyimwe alama ya Fizikia.

Ukienda shuleni, fungua daftari

Ziara za wilaya zina ugonjwa wa kuishia ofisini. Kitabu cha wageni, soda, nyaraka, kwaheri. Azimio la kazi limepangwa vizuri, shajara imesainiwa, na hujamwona mtoto hata mmoja.

Pita ofisini usalimie, kisha nenda darasani ukae dawati la nyuma. Omba daftari la mtoto aliye jirani yako, si lile la kiranja analokuletea mwalimu. Angalia vitu vitatu. Tarehe: zoezi la mwisho lilikuwa lini? Tiki: mwalimu anasoma majibu au anapiga tiki tu? Utakuta tiki nyekundu juu ya 7 × 8 = 54. Masahihisho: mtoto alipokosa, alirudia? Daftari moja la namna hiyo litakuambia zaidi ya faili zima la taarifa za robo mwaka.

Kabla hujaondoka, zungumza na mwalimu pembeni. Mtajie kitu kimoja alichofanya vizuri na kimoja cha kubadilisha. Kimoja tu. Kiandike, na Afisa Elimu Kata arudi baada ya wiki mbili kuangalia hicho tu. Walimu wa wilaya yako wataanza kuzoea kwamba mtu akisema atarudi, anarudi.

Mwalimu naye

Angalia ikama yako kwa jicho kali. Mara nyingi shule ya mjini ina walimu watano wa Historia, na shule ya kilomita 40 haina hata mmoja wa Hisabati. Kuhamisha ndani ya halmashauri kunawezekana, ila kunahitaji nyumba, na fedha za uhamisho zilipwe kabla ya mtu kufunga mizigo. Ukishindwa kuhamisha, azimisha: mwalimu mmoja wa Fizikia anaweza kuhudumia sekondari mbili za jirani ikiwa ratiba zitapangwa pamoja, Jumatatu na Jumanne huku, Jumatano hadi Ijumaa kule. Nauli yake iwe kwenye bajeti, isiwe ahadi.

Madai ya walimu yafuate mwenyewe. Likizo, matibabu, kupanda daraja. Hutaweza kulipa yote, fungu haliko mikononi mwako. Lakini unaweza kuhakikisha kila mwalimu anajua faili lake limefika wapi, bila kukatisha siku mbili za vipindi kuja kuulizia wilayani. Teua karani mmoja na namba moja ya simu. Siku ambazo madarasa yanabaki bila mwalimu zitapungua, na hutahitaji vitisho.

Mahudhurio na chakula

Chukua rejesta za mahudhurio uzipange kwa siku za wiki. Kuna siku moja ambayo watoto hupungua. Ni siku ya gulio au mnada. Kuna miezi pia: kupalilia, kuvuna, kuhamisha mifugo. Ukishajua, usiweke mada ngumu siku hiyo, na kaa na mtendaji wa kijiji na kamati ya shule mapema, kabla msimu haujaanza. Mtoro wa siku tatu afuatwe nyumbani. Akifikisha mwezi, kumrudisha ni kazi kubwa mno.

Chakula cha mchana kipange wakati wa mavuno. Mzazi anayeshindwa kutoa shilingi elfu tano mwezi wa pili anaweza kutoa debe la mahindi mwezi wa saba bila kulalamika. Mkutano wa kijiji ukubaliane, mihtasari iandikwe, stoo iwe na funguo mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa mzazi. Asiyechanga asimfanye mtoto wake akose kula wala arudishwe nyumbani. Kipindi cha saa nane mchana kwa mtoto aliyekunywa maji tu tangu asubuhi ni kipindi kilichopotea, hata mwalimu awe hodari vipi.

Mock, kambi na mtihani wenyewe

Mock ya wilaya isitungwe kwa kunakili maswali ya zamani neno kwa neno. Watoto wanakariri majibu, wilaya inashangilia, Septemba mnaumbuka. Tungeni upya, sahihisheni kwa kubadilishana kata, na karatasi zirudi kwa watoto ndani ya wiki moja. Mock ambayo karatasi zake hazirudi ni fedha ya wazazi iliyotupwa.

Kambi? Zinafaa kwa kurudia kilichofundishwa. Hazifundishi silabasi ya miaka minne kwa wiki sita. Kama huwezi kuhakikisha matroni, vyoo, mwanga na ulinzi wa wasichana, usiifungue. Vipindi vya ziada vya asubuhi shuleni vitakufaa zaidi.

Fimbo haiongezi alama. Inaongeza utoro, na watoro ni walewale unaowahitaji.

Kuhusu udanganyifu, sema mapema, kwa sauti, na kwa maandishi: hakuna. Mwaka 2022 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 2,000 wa darasa la saba yalifutwa na vituo kadhaa vikafungiwa. Walimu wakuu wanajua, lakini wakibanwa na shinikizo kutoka juu wengine hujaribu. Kwa hiyo shinikizo lako lenyewe lipime. Ukimwambia mtu "asilimia 90 au cheo chako", unajua umemwachia mlango gani.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la saba, kila mtoto awe ameshajaza fomu ya OMR ya mazoezi mara kadhaa: penseli HB, duara lijazwe lote, likikosewa lifutwe kabisa. Kuna watoto wanaojua jibu na kulipoteza kwenye kuweka kivuli. Wape pia zoezi la muda, wajue kuruka swali gumu na kulirudia, bila kuacha kivuli kikahamia mstari usio wake.

Wanaotoka vitongoji vya mbali wapatieni pa kulala karibu na kituo, kwa jamaa au kwa mzazi aliyekubaliwa na kamati. Uji upikwe saa kumi na mbili. Mwalimu mkuu awe na penseli, vifutio na vichongeo vya akiba, na orodha yenye namba ya simu ya mzazi wa kila mtahiniwa. Ikifika saa moja na nusu mtoto hajaonekana, pikipiki ya Afisa Elimu Kata iwe tayari imeshajazwa mafuta, na dereva anajua njia ya kwao.